Kuku wanadonoana? Tazama kwanza manyoya yametoka wapi

Kuku mmoja akionekana kiuno wazi na damu kwenye maranda, ushauri wa kwanza wa majirani huwa ni "kata midomo." Ni ushauri wa haraka, na mara nyingi si sahihi. Kuku aliyeachiwa uwanjani hushinda akichakura na kudonoa ardhi. Ukimfungia bandani na kumpa chakula anachokimaliza kabla ya saa nne asubuhi, hamu ya kudonoa haiishi. Inahamia kwa kilicho karibu, yaani manyoya ya mwenzake. Lakini si kila kuku asiye na manyoya amedonolewa, ndiyo maana kazi inaanzia kwenye ngozi ya kuku mwenyewe.

Mshike jioni akishatulia, umgeuze huku na huku. Mgongo na kisogo viko wazi na bandani kuna jogoo? Huyo anapandwa kupita kiasi. Jogoo mmoja kwa mitetea minane hadi kumi anatosha. Wawili kwa mitetea sita ni mateso. Kifua kitupu ni cha mtetea anayeatamia, amejinyonyoa mwenyewe ili joto lifikie mayai. Manyoya yaliyokatika mbele ya shingo tu yanatokana na kusugua kwenye ukingo wa kilishio au wavu. Kama shingo ni tupu tangu utotoni, huyo ni kishingo, mwache na uzuri wake. Kuku anayebadilisha manyoya huanzia kichwani na shingoni, kisha mgongoni hadi mkiani, na ukipapasa utagusa vijiti vya manyoya mapya bila kidonda chochote.

Majeraha ya kichwani na kwenye upanga (ile nyama nyekundu ya utosini) ni ya ugomvi wa cheo, hasa ukiingiza kuku wageni. Kuchi, wale kuku wapiganaji, usiwachanganye kabisa na chotara wapole. Kiuno na shina la mkia vikiwa wazi, hapo ndipo penye kudonoana kwenyewe. Tazama na sakafu: manyoya yametoka kwenye miili, lakini chini hayaonekani. Wanayala.

Kabla hujagusa chakula, ondoa shaka ya wadudu. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za fito za kulalia na hutoka usiku kunyonya damu, kwa hiyo ukikagua mchana utadanganyika. Nenda saa tatu usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na michirizi ya damu, umewapata. Chawa hukaa kwenye kuku muda wote, na mayai yao hushikamana kama vidonge vyeupe kwenye mashina ya manyoya karibu na tundu la nyuma la kuku. Kuku anayewashwa hujidonoa mwenyewe, anatoa damu, na wenzake wanamalizia. Tumia dawa ya unga ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo, pulizia na nyufa za banda, kisha rudia baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu mayai yanayoanguliwa baadaye hayakuguswa na dawa ya kwanza.

Chakula ndicho chenye makosa mengi, na kosa kubwa ni kurefusha mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku wa mayai una protini ya asilimia 16 hadi 17. Ukiuchanganya na kilo 25 za pumba za mahindi zenye protini ya asilimia 10 hivi, unabaki na asilimia 14 na kidogo. Chumvi na chokaa navyo vimepunguzwa karibu theluthi moja, na methionini, mojawapo ya viungo vinavyojenga protini, imepungua pia. Methionini ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu unyoya karibu wote ni protini yenye salfa. Kuku aliyepungukiwa huutafuta unyoya kama anavyotafuta mdudu.

Kama bei inakulazimisha kuongeza pumba, ongeza na dagaa. Kilo 5 za dagaa safi walioanikwa, waliosagwa, kwenye zile kilo 75 zinarudisha protini kwenye asilimia 16 na nusu hivi. Nimesema safi: dagaa walioanikwa juu ya mchanga huja na mchanga, na mchanga huo unaulipia kwa bei ya samaki. Tia gao la dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, ukoroge. Kinachotua chini haraka ndicho kilichokuibia. Kwa pumba ulizoongeza, weka chumvi gramu 75 (kipimo ni gramu 300 kwa kila kilo 100), lakini kama dagaa ni wa chumvi, acha kabisa. Chumvi ikipungua kuku hutafuta damu, ikizidi huharisha na hata kufa. Chokaa ya mifugo au maganda ya kome yaliyopondwa yawekwe kwenye kopo lake pembeni, kila mtetea achukue anachohitaji.

Wanaochanganya wenyewe kuanzia mwanzo wakumbuke kwamba soya ina lisini (kiungo kingine cha protini) nyingi lakini methionini kidogo, na mashudu ya alizeti ni kinyume chake. Tumia vyote viwili. Soya mbichi usiwape. Ikaange au ichemshe kwanza, la sivyo tumbo la kuku halitaisaga vizuri hata ikiwa nyingi kiasi gani.

Mtetea mmoja anayetaga hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Kwa kuku kumi ni kilo 1.2, igawe mara mbili, asubuhi na saa tisa alasiri. Kilishio kinachokauka saa nne na kubaki hivyo hadi jioni kinawafundisha kula manyoya. Chakula cha unga ni bora kuliko cha punje zilizoshindiliwa, kwani cha unga huwachukua muda mrefu zaidi kukidonoa. Kila kuku apate sentimita 10 za ukingo wa kilishio ili wanyonge wasisubiri zamu.

Kisha mpe mdomo kazi. Funga mchicha, majani ya kabichi au sukuma wiki kwa kamba, yaning'inie usawa wa kichwa cha kuku, ili kila jani alivute. Yakitupwa chini kwa fungu yanaliwa kwa dakika tano, mengine yanakanyagwa. Alasiri tawanya mahindi ya kuparaza au mtama ndani ya maranda, gramu 10 kwa kila kuku, wachakure hadi giza linapoingia. Maranda yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10 na yawe makavu; yaliyolowa yanatoa gesi kali ya amonia, hakuna kuku anayeyachakura. Sanduku la sentimita 60 kwa 60 lenye mchanga na majivu litawapa mahali pa kujigaragaza.

Nafasi ni hesabu fupi: kuku wanne kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo banda la mita 3 kwa 2 ni la kuku 24, si 40. Fito za kulalia ziwe juu, sentimita 60 au zaidi kutoka sakafuni, maana aliyelala kwenye ufito wa chini ana mkia usawa wa midomo ya waliosimama.

Mwanga mkali huchochea. Jua la alasiri linalopenya upande wa wavu likiangukia kuku, kila tone la damu na kila unyoya mpya unaochipua unang'aa. Ning'iniza viroba upande huo. Balbu ndani ya banda dogo iwe hafifu, na mwanga wote, wa jua na wa taa, usizidi saa 16 kwa siku.

Matembe wanaoanza kutaga wana hatari yao. Baada ya kutaga, sehemu ya ndani nyekundu hubaki nje kwa muda mfupi, na akitagia sakafuni penye mwanga, wenzake wanaidonoa. Jeraha la hapo huweza kuua kwa saa chache, wakati mwingine utumbo unavutwa nje. Weka viota wiki mbili kabla ya yai la kwanza: kimoja kwa mitetea mitano, sentimita 30 kwa 30, mlango ukifunikwa kwa pazia la kiroba.

Aliyejeruhiwa mtoe mara moja. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha paka povidoni (dawa ya iodini ya vidonda) au spirei ya bluu ya vidonda, ambayo pia inaficha wekundu. Kama spirei ina antibiotiki, fuata maelezo ya kopo kuhusu siku za kutokula mayai. Oili chafu ya gari usipake. Ni sumu na huingia kupitia kidonda. Mtenge kwa wavu ndani ya banda lilelile wazidi kuonana, na umrudishe usiku, juu ya ufito, kidonda kikikauka.

Sasa midomo. Ndani ya mdomo kuna mishipa ya fahamu na ya damu, na kisu cha moto humwacha kuku akishindwa kula kwa siku kadhaa, huku njaa iliyoanzisha tatizo ikibaki palepale. Ukilazimika, punguza ncha ya juu tu kwa tupa, milimita mbili, sehemu ngumu isiyo na damu.

Kaa kimya bandani nusu saa mchana. Mara nyingi anayeanza ni mmoja au wawili. Mfunge uzi mguuni, mtenge siku tano. Akirudi hukuta cheo kimeshuka. Lishe ikitengenezwa, subiri wiki mbili au tatu uone mabadiliko. Akiendelea baada ya hapo, huyo ni wa sufuria. Usimuuze kama mtetea wa kutaga, maana kuku huigana, na banda la mnunuzi litaanza kunyonyoka.