Bibi anasahau, ni uzee tu au?

Swali: Shikamoo dokta, niko zahanati. Jana nimeletewa bibi wa miaka 72, mgonjwa wa sukari, yuko kwenye metfomini miaka mingi. Binti yake anasema bibi anasahau sana, mwenyewe anasema yuko fiti kabisa. Nimempima MMSE, kile kipimo cha maswali ya kumbukumbu na akili, kapata maksi chache ila hajasoma. Ntajuaje kama ni uzee tu au ni dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo MMSE weka pembeni kwanza, mtu hajawahi kushika kalamu unamwambia aandike sentensi, hapo unapima shule sio kumbukumbu. Tumia IDEA, kipimo kifupi cha kumbukumbu kisichohitaji kusoma wala kuandika, imetengenezewa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro kwa wazee wa aina hiyohiyo: anataja wanyama ndani ya dakika moja, anakumbuka maneno 10 uliyomtajia mwanzo, anapanga njiti za kiberiti kama ulivyopanga wewe. Jumla ni 15, akipata 7 kushuka hapo kuna kitu.

Halafu kaa na binti pembeni, usimuulize "mama anasahau?" maana atasema ndio, nani hasahau. Muulize ni kitu gani mama alikuwa anafanya mwenyewe mwaka jana na sasa hivi mnamfanyia nyie. Jina la jirani kulisahau halafu linamjia jioni, huo uzee. Ila mtu kauza maandazi miaka 30 leo anakosea chenji kila siku, au anapotea njia ya msikitini, hiyo hapana. Na ukiwa unamuuliza maswali mwangalie shingo yake, kama kila swali anageuka kwa binti amjibie, mi huwa naandika kwenye faili, maana nayo ni dalili.

Sasa usikimbilie kuandika dimensia. Kama imeanza ghafla juzi, asubuhi mzima jioni anaongea na ukuta, tafuta malaria, UTI, sukari iliyoshuka. Mwambie binti alete mfuko wote wa dawa, hata zile za duka la dawa: amitriptilini, Piriton, diazepamu ya kulalia, zote zinavuruga kichwa cha mzee. Metfomini nayo ikikaa muda mrefu inashusha vitamini B12, kwa hiyo mpe rufaa akapime B12 na tezi ya shingo (thairoidi), HIV na kaswende pima hapohapo kama vitendanishi vipo. Uliza pia usingizi, hamu ya kula, kama kafiwa, maana sonona (huzuni ya kiugonjwa) kwa wazee inajificha humohumo.

Na masikio jamani! Nishawahi kumpima mzee, kafeli karibu kila kitu, kumbe masikio yamejaa nta, tukasafisha akarudi wiki iliyofuata kapata 13.