Fundi, nibadilishe sasa au nisubiri?

Shikamoo fundi. Nyundo moja ya mashine yangu ya kusaga imekatika. Kijana anayeiendesha anasema tuweke moja mpya, nyingine bado nzima. (Makambako)

Marahaba. Usimsikilize. Hizo nyingine si nzima, zimelika kwa usawa tu. Ukichomeka moja mpya yenye uzito kamili, rota (mhimili unaozibeba nyundo) itazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika huku imelemea upande mmoja. Gramu chache zinatosha. Utaanza kuona mashine inatikisika, kisha beringi zitaunguruma.

Badili seti nzima. Hela ikigoma, badili hiyo na ile inayotazamana nayo, na uzipime kwanza kwenye mizani ya dukani zilingane. Za zamani usizitupe kabla ya kuzitazama: kama zimelika kona moja, zigeuze zote kwa pamoja, kona ya pili bado ina kazi. Watu wengi hutupa nyundo iliyotumika nusu! Kisha pekua chekeche. Huenda bolti au jiwe limepita na mahindi, au tundu la pini lilikuwa limelika siku nyingi na hakuna aliyelitazama.

Gereji wanataka nibadilishe mkanda wa taimingi. Nimeuangalia, hauna hata ufa. Wananila? (Dodoma)

Safari hii hawakuli. Breki pedi hulia kabla ya kwisha. Mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, haulii, unakatika tu, na kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni. Ndiyo maana unabadilishwa kwa kilomita, si kwa macho. Gari nyingi za Kijapani zenye mkanda huo hupewa kilomita 100,000. Kama ilitoka Japani imetumika, fungua boneti utafute stika: mafundi wa kule hubandika tarehe na kilomita walipobadili. Hakuna stika? Hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishe papo hapo, maana ufundi utaulipia mara moja.

Kiwandani kwetu kila tukifanya servisi kubwa, wiki inayofuata ndipo mashine zinaharibika. Tubadilishe mafundi? (Thika)

Kabla hujamfukuza mtu, sikia kisa cha Vita ya Pili ya Dunia. Waingereza waliokuwa wakiwinda nyambizi za Wajerumani walikagua ndege zao za Liberator kila baada ya saa 50 za kuruka. Mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walipozipanga rekodi za hitilafu, wakakuta zinapanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinashuka kadiri saa zinavyosonga. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukizaa ubovu.

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la ndege la United, waliandika kwamba ni asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza ambavyo vingefaidika na kupangiwa umri wa kutolewa. Ndege ya DC-8 ilianza na vipuri 339 vya kufanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kukarabatiwa upya) kwa ratiba; DC-10, iliyokuja baadaye, ilikuwa na 7.

Sisemi mwache servisi. Mikanda, pedi na filta zipangieni tarehe. Beringi na kadi za umeme zinazofanya kazi vizuri msizifungue eti kalenda imefika. Zipimeni joto, zisikilizeni. Na wekeni daftari la nani kagusa nini. Ubovu ukitokea palepale palipoguswa, jibu mnalo. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga injini nikaacha kitambaa kwenye mrija wa hewa, na ilikuwa inawaka vizuri kabla sijaigusa.

Jenereta ya zahanati yetu imefanya kazi saa 40 tu mwaka mzima. Oili ibaki? (Kigoma)

Imwageni. Oili huzeeka hata ikikaa. Ila mimi ningeanza na betri, maana mara nyingi ndiyo inayogoma umeme ukikatika usiku. Iwasheni kila mwezi, na muibebeshe mzigo: friji la chanjo, taa, kila kitu.