Kijana wa Miaka 19 au Mpigaji wa Miaka 26?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu hufuatilia besiboli ya Marekani. Yeye anamsifu mpigaji wa miaka 26 wa klabu ya Albuquerque, katika ngazi ya Triple-A, ambaye amevusha mipira mingi nje ya uwanja. Mimi namtegemea kijana wa miaka 19 aliye Double-A, ambaye takwimu zake ni za wastani tu. Ni nani kati yao mwenye matumaini zaidi ya kufika Ligi Kuu na kudumu huko? – Msomaji, Kondele, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, niko upande wako, na sababu ya kwanza ni umri. Triple-A ndiyo ngazi ya juu kabisa chini ya Ligi Kuu, na Double-A huifuata. Hata huko Double-A wachezaji wengi wamekwisha kupita miaka 21. Mvulana wa miaka 19 anayemudu warushaji, yaani wanaomtupia mpigaji mpira, waliomzidi umri na nguvu ni kama mwanafunzi wa kidato cha pili anayepangwa katika timu ya kwanza ya shule: hata asipofunga, kule kutozidiwa kwake kunasema mengi, kwa kuwa mwili wake bado unakua.

Sababu ya pili ni hewa. Albuquerque iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Mpira uliopigwa kwa nguvu ileile ungekwenda mbali zaidi Nakuru, iliyo karibu na mita 1,850, kuliko hapo kwenu kando ya ziwa, penye takriban mita 1,130. Kwa hiyo idadi ya mipira iliyovuka uzio wa Albuquerque haitoshi kumpimia mtu.

Mimi hutazama kwanza ni mara ngapi mpigaji hutolewa kwa kukosa mapigo matatu, na ni mara ngapi huiacha mipira iliyorushwa vibaya ipite hadi apewe bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, kwani hapo ndipo jicho lake linapoonekana. Wasaka vipaji nao hutoa alama kati ya 20 na 80, 50 ikiwa wastani wa Ligi Kuu, kwa kupiga kwa uhakika, nguvu, mbio, mkono wa kurusha na ulinzi.

Hata hivyo, nisingependa mchezaji aliyechelewa adharauliwe. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na klabu ya Pittsburgh ya Ligi Kuu mwaka 2008, akasota katika ligi za chini hadi Aprili 2017, alipokuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Jambo hilo linanigusa mno hadi leo.

Mwombe mdogo wako atafute takwimu za mpigaji wake katika mechi za ugenini pekee. Zikibaki juu, nitakuwa tayari kumfikiria upya.