Kodi wiki nzima kwanza

Ndugu yangu wa Fuoni, Unguja, umeuliza ununue baskeli ya umeme sasa hivi au ukodi kwanza. Kodi, tena wiki nzima, uipande njia yako ya kazini na mzigo wako wa kila siku. Kubwa ni betri. Ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360 (36 mara 10), ndicho kiasi cha umeme inachobeba. Ukisaidia kwa miguu hula wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Ijaze, iendeshe mpaka ibakie robo, yaani imekula wati-saa 270: isipofika hata kilomita 18, imechoka, usikubali wakuuzie hiyohiyo. Chaja ya ampea 2 huchukua saa 5 hivi. Tena chumvi ya bahari yetu haina huruma. Chomoa betri utazame ncha za soketi. Ukiona kutu ya kijani, iache.