Darasa moja, dini mbili

Mwalimu, umeuliza ufundisheje somo la dini ikiwa darasa la tatu lina Waislamu na Wakristo pamoja. Anza na Yusufu. Yumo kwenye Biblia, Mwanzo 37 hadi 50, yumo pia kwenye sura ya 12 ya Qurani, na ile kanzu yake iliyopakwa damu huwafanya watoto watoe macho. Waache wasimulie walivyosikia kwao, kisha watafute panapotofautiana: kwenye Qurani, Yakobo, baba yake Yusufu, anarudi kuona baada ya kuwekewa kanzu ya mwanawe usoni. Wewe jizoeze kusema “Wakristo wanaamini”, “Waislamu wanaamini”, hata kwa dini yako mwenyewe (hapo ndipo ulimi huteleza). Mtoto akikuuliza dini ipi ni ya kweli, mwambie akawaulize wazazi. Kwenye mtihani pima uelewa wa kisa, imani yake usiiguse.