Sio damu peke yake: vinasaba na maelekezo ya dawa

Msomaji ameniandikia kwamba mama yake hakuwa akielewa maelekezo ya daktari, naye anajiona anaelekea huko huko. Anauliza, je, ni damu?

Kwa kiasi, ndiyo. Pacha wa yai moja wana vinasaba karibu sawa kabisa. Wa mayai mawili hushiriki wastani wa nusu ya vile vinavyotofautisha watu. Wa kwanza hukaribiana zaidi katika kumbukumbu, msamiati na hesabu, na uwezo wa kuelewa habari za afya umesimama juu ya hayo. Huko Uingereza watu waliovuka miaka 50 walipewa lebo ya dawa na maswali 4. Vinasaba vinavyohusishwa na elimu na wepesi wa kufikiri vilionyesha uhusiano na majibu yao, lakini mdogo.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Kiwango cha urithi, yaani sehemu ya tofauti za watu inayotokana na vinasaba, hueleza tofauti ndani ya kundi. Hakisemi lolote kuhusu wewe peke yako. Tena mzazi hakupi vinasaba tu, hukupa pia nyumba yenye vitabu au isiyo navyo. Atakayekuuzia kipimo cha mate cha kutabiri haya anakulia pesa.

Kinachobadilika haraka ni maelekezo yenyewe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwapa watu lebo ya "vidonge viwili, mara mbili kwa siku". Kati ya wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 hivi waliirudia sawasawa, lakini asilimia 35 tu ndio walioonyesha idadi sahihi ya vidonge vya siku nzima. Kosa liko kwenye kuzidisha, na lebo ndiyo iliyowaachia kazi hiyo. Andika: 2 asubuhi, 2 jioni, jumla 4.

Hatari nayo itaje kwa namba kamili, na msingi uwe mmoja: watu 3 kati ya 100, kisha 5 kati ya 100. Ukitaja 1 kati ya 20 halafu 1 kati ya 30, baadhi ya watu hudhani 30 ndiyo hatari kubwa.

Ukimwelekeza mtu dawa, usiulize "umeelewa?", maana kila mtu huitikia ndiyo. Mpe kopo la vidonge, mwambie ahesabu dozi ya leo mbele yako. Akikosea, badilisha maneno, usipaze sauti. Akikosea tena, kagua miwani na masikio kabla ya kutaja akili, sembuse ukoo wake.