Kabla hujautafuta wimbo kwenye simu, mtafute aliyeuimba

Mama alipofariki, kila mmoja wetu aliondoka na kitu. Kaka alibeba cherehani, wadogo zangu wakagawana vitenge, mimi nikaambiwa nichukue sanduku la bati la uvunguni kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani mlikuwa na kanda za kaseti 41 za kwaya. Nyingi zilishapoteza karatasi zake, mama akawa ameandika kwa kalamu kwenye ganda lenyewe: "Pasaka", "Ulyankulu", "Ya Mwalimu", na moja imeandikwa tu "Usifute".

Sanduku lile lilikaa kwangu Dar es Salaam miaka minne sijaligusa. Nilijiambia kwamba nyimbo zote siku hizi zipo mtandaoni, nikizitaka nitazipata. Siku nilipozitafuta ndipo nilipojua nilivyokosea. Zile kubwa zipo kweli. Andika "Hakuna Mungu kama wewe", Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama hao hapo. Andika "Mtu wa nne", Kinondoni Revival wanakuja na Shadraka, Meshaki na Abednego ndani ya tanuru. Lakini kwaya zilipoingia studio hazikurekodi wimbo mmoja. Kanda ya dakika 60 ilibeba nyimbo nane, tisa, hata kumi, pande mbili, na sisi tumebaki na ule mmoja ambao redio iliupenda. Kuna pia kwaya ambazo hazikubakiza hata huo mmoja: kwaya za mitaa, za sharika za vijijini, za vyuo vya ualimu, zilizorekodi mara moja, zikauza kanda zao mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, kisha waimbaji wakaolewa, wakahamishwa kikazi, wakatawanyika.

Nimekaa na kanda za mama mwaka mmoja na nusu sasa. Naandika haya ili wewe mwenye sanduku kama langu, au mwenye mzazi aliye nalo, usianzie pale nilipoanzia mimi.

Mimi nilianza na mashine. Nilihangaika na redio kaseti, waya na kompyuta miezi mitatu, na katika miezi hiyo mzee mmoja aliyekuwa akipiga kinanda kwenye kwaya ya mama akafariki. Nilikuwa na namba yake ya simu. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: kanda inaweza kusubiri kidogo, mtu hasubiri. Aliyeimba akiwa na miaka 30 mwaka 1985 leo yuko kwenye 70. Na karatasi ya kanda, hata ikiwepo, haitakusaidia sana. Utaona picha ya kwaya imepangwa mistari mitatu mbele ya maua, sare moja, jina la kwaya kwa herufi kubwa, namba ya toleo, basi. Aliyetunga hatajwi. Aliyepiga gitaa la solo hatajwi. Ilionekana ni majivuno kumtaja mtu mmoja kwenye kazi ya Mungu, nami naiheshimu nia hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba majina yote yamehifadhiwa vichwani mwa watu.

Ukienda kwao, nenda na sauti. Maswali yaje baadaye. Nilikwenda Tabora kwa Mama Mdogo, ambaye aliimba na mama, nikamuuliza siku mbili mfululizo habari za kwaya. Jibu lilikuwa lile lile: "Aah, tuliimba tu, mwanangu." Siku ya tatu nikaweka simu juu ya kigoda na spika ndogo pembeni, nikawasha ile ya "Pasaka". Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Gitaa lilipoanza mkono ukasimama. Ubeti wa kwanza ukapita akiwa kimya. Wa pili akaanza kuimba, na alichoimba sicho nilichokuwa nakisikia kwenye spika. Alishika sauti ya pili, chini kidogo ya waongozaji, maneno yote, bila kuteleza hata silabi. Kisha akainua kidole. "Subiri. Hapo! Umesikia anayewahi? Huyo mama yako. Mwalimu alimkemea miaka yote, na hata siku ya kurekodi akawahi."

Kanda ile nilikuwa nimeisikiliza mara zisizopungua ishirini. Sikuwahi kusikia. Sasa naisikia kila nikiiweka: mwishoni mwa kiitikio, neno "amefufuka", sauti moja ya kike inaingia mbele ya wenzake kwa kupepesa jicho.

Baada ya hapo Mama Mdogo hakunyamaza hadi usiku. Aliyetunga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kuhamishiwa Nzega. Walirekodi kanisani usiku, mablanketi yametundikwa madirishani, kwa sababu mchana malori yalipita barabarani. Sare walishonewa kwa mkopo. Yote haya nilikuwa nimeyauliza siku mbili nikakosa.

Hakikisha mazungumzo hayo unayarekodi nayo, kwa simu yako tu, ukiwa umeomba ruhusa. Na ukitaka mwaka, usiulize mwaka. Wazee hawakumbuki kwa tarakimu, wanakumbuka kwa matukio. Uliza: ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Mzee Mwinyi alishaingia? Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja, 1990, mlikuwa mmeshauza kanda hii? Mwalimu Nyerere alikuwa hai? Kwa maswali manne ya namna hiyo nimeweza kuipa karibu kila kanda umri wake, nikikosea mwaka mmoja au miwili.

Niseme kidogo kuhusu ile iliyoandikwa "Ulyankulu", maana ndiyo iliyonibadilisha. Sisi watoto wa Tabora tulilijua jina la Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 kama tunavyolijua jina la soko. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kwaya iitwe kwa namba ya barabara. Ulyankulu ni moja ya makazi matatu, pamoja na Katumba na Mishamo, waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walikatiwa barabara porini, barabara zikapewa namba, na watu wakaanza kulima, kujenga na kuimba. Baada ya kulijua hilo, rudi uzisikilize nyimbo zao za safari, za mji ujao, za nyumbani kusikoharibika. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mbinguni tu. Ni mbinguni kweli, lakini anayeimba aliacha shamba na makaburi ya wazazi wake ng'ambo ya mto Malagarasi. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale, miaka 42 baada ya kufika. Wimbo wa mtu aliyengoja muda huo wote hauwezi kusikilizwa huku unaosha vyombo. Kaa chini.

Sasa mashine. Tafuta redio kaseti au deki yenye mkanda wa mpira ulio mzima. Mafundi wa redio bado wapo, na mkanda mpya haugharimu pesa nyingi. Kabla ya kitu kingine chochote, tazama juu ya kanda yako, upande ule usio na utepe. Kuna vimeno viwili vidogo vya plastiki. Vivunje. Vikiwa vimevunjwa, kitufe chekundu cha kurekodi hakitashuka. Mimi sikuvivunja kwenye kanda ya nne, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja gizani umeme uliporudi, na sekunde kama kumi na moja za katikati ya wimbo zimekwenda. Ninajua kilichokuwepo pale kwa sababu Mama Mdogo aliniimbia, lakini kwenye kanda ni ukimya.

Kisha tazama utepe wenyewe kupitia dirisha la kanda. Ukiona weupe kama unga pembeni, huo ni ukungu. Usiiweke kanda hiyo kwenye mashine, maana itachafua kichwa, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, na kuambukiza kanda nyingine. Iweke pembeni, pakavu. Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho na uzirudishe hadi mwanzo mara moja kabla ya kucheza, ili utepe uliogandamana miaka ishirini ulegee. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti baada ya kila kanda mbili au tatu. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, na hiyo kahawia ni muziki uliobanduka, kwa hiyo usirudie rudie kanda moja bila sababu. Icheze mara moja, irekodi kwenye kompyuta mara hiyo hiyo.

Waya mmoja kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kompyuta unatosha. Programu ya kurekodi iitwayo Audacity ni ya bure. Weka sauti ya redio katikati, na hakikisha mistari ya mawimbi haigongi juu wala chini. Ikigonga, sauti imepasuka na hutaweza kuirekebisha baadaye. Hifadhi kwanza katika WAV, faili la sauti lisilobanwa, japo ni nzito: dakika moja inakula karibu megabaiti 10, kanda nzima kama 600. Nakala ndogo za MP3 za kutumiana WhatsApp zitoke kwenye hiyo WAV. Na usiondoe mvumo wote. Programu zina kitufe cha kusafisha kelele, nami nilikipenda sana mwanzoni, hadi nilipogundua kimesafisha pia pumzi za waimbaji na mlio wa kayamba.

Kama sauti inasikika imefunikwa na blanketi, mara nyingi kanda ni nzima ila kichwa kimekaa upande. Karibu nacho kuna parafujo ndogo. Igeuze taratibu sana, robo ya mzunguko haifiki, huku unasikiliza herufi "s" midomoni mwa waimbaji. Zikianza kukata kama wembe, acha hapo. Kumbuka ilipokuwa mwanzo uirudishe.

Jambo la ruhusa naona watu wengi wanaliruka. Kumiliki kanda si kumiliki wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hata kama karatasi ya kanda haikumtaja. Kabla sijaweka chochote hadharani nilikwenda kwenye usharika, nikakaa na mwenyekiti wa kwaya wa sasa, nikampa nakala ya nyimbo zote kwenye flashi kabla ya kuomba lolote. Wametoa ruhusa kwa kanda mbili. Ya tatu walikataa, kwa sababu mwimbishaji wake aliondoka kanisani kwa ugomvi na familia yake haijakubali. Nimeiacha. Imehifadhiwa, na hilo kwa sasa linatosha.

Kuna wanaoniambia wamejaribu kusikiliza kanda hizi wakashindwa. Wamezoea waimbaji wa miaka ya 2000, akina Rose Muhando na Bahati Bukuku, sauti moja mbele na studio imejaa. Kwao kwaya ya zamani ni nyembamba, na gitaa linaonekana halijakazwa vizuri. Ninawashauri waanze na besi, sauti ya nne ya wanaume na gitaa la besi, kwa sababu huko ndiko kwaya inakotembelea. Halafu wasikate wimbo kabla haujageuka. Nusu ya kwanza ni hadithi, inakwenda polepole, beti kwa beti. Kisha solo linapanda na kwaya nzima inahama kwenda kucheza. Ukikatia dakika ya pili umeondoka kabla chakula hakijaiva.

Na kama wewe ni mpenzi wa muziki wa dansi, huna sababu ya kujiona mgeni. Cosmas Chidumule alikuwa mwimbaji wa bendi ya Sikinde kabla hajaokoka na kuanza kumwimbia Mungu, na hakuiacha sauti yake mlangoni. Mzee aliyepiga solo kwenye kanda za mama alinieleza kwamba vidole vyake vilifundishwa na Redio Tanzania. Baba yake alikuwa mwinjilisti na hakutaka dansi ndani ya nyumba, hivyo alisikilizia dirishani kwa jirani, akirudi anatafuta noti zile zile kwenye gitaa la kanisa. Sikiliza kanda ya "Ya Mwalimu", upande wa pili, wimbo wa mwisho, utamkuta kijana yule dirishani.

Hadi leo kanda 38 zimeshaingia kwenye kompyuta, na nakala yake ipo kwa kaka, ambaye sasa ananiulizia kila wiki. Zimebaki tatu zenye ukungu. Moja kati ya hizo ni ile iliyoandikwa "Usifute". Mama Mdogo hajui ina nini; anasema mama hakuwahi kuicheza mbele za watu. Fundi mmoja Tabora anaweza kuufungua mwili wa kanda, kuusafisha utepe kwa mkono kipande kwa kipande na kuuhamishia kwenye ganda jipya. Ameniambia kazi hiyo haifanywi hewa ikiwa na unyevu, nisubiri mvua zikatike. Nimeshakata tiketi ya treni ya mwezi wa sita.